Gari Lisilougua Gereji

Justa Castory ni fundi magari, na kwa miaka tisa gereji aliyokuwa akifanyia kazi hapa Manundu, Korogwe, ilipakana ukuta na duka langu la vipuri. Nasema hivyo mapema ili ijulikane kwamba sina sababu ya kumpamba. Fundi anayepima kabla ya kubadilisha si mteja mzuri wa muuza vipuri. Wenzake walikuwa wakinijia mbio na mikono yenye grisi: "Mikaeli, tupe plagi nne, na koili pia, tujaribu." Justa alikuja mara chache, na akija alijua anataka nini.

Kazi aliichukua kwa baba yake. Babu yao alitoka Songea enzi za manamba, akaja kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Mzee Castory alizaliwa kambini, akazeeka ndani ya karakana ya shamba akitengeneza matrekta. Watoto alikuwa nao wengi, lakini Justa ndiye aliyependa kushinda karakana. Mzee alikuwa akiwasha trekta, anachomoa kitu mahali bintiye hapaoni, kisha anamwita aje asikilize aseme silinda gani imekufa. Akipatia, wanaendelea na kazi. Akikosa, anaosha vyuma kwa dizeli mpaka jioni. Justa anasema ameosha vyuma vingi kuliko vyombo.

Karakana ilipofungwa na mashine kuuzwa, mzee hakuishi sana. Justa alibaki na watoto wawili na mume aliyekwenda machimboni asitume hata salamu. Akaja mjini kuomba kazi kwa Hussein, mwenye gereji ya jirani yangu. Hussein alimtazama, akamwonyesha ndoo. Miaka miwili mingine ya kuosha vyuma. Kisha taratibu, bila mtu kutangaza, ikawa kila injini inayosumbua inasukumwa upande wake. Likija gari linalotetemeka likiwa limesimama, au linalokosa moto, sisi tunasema linamisi, mafundi wenzake walikuwa wakigeuka: "Justa yuko wapi?"

Mwaka juzi, masika yalipokuwa yanaanza, alifika mama mmoja akiendesha gari dogo la zamani, rangi ya maziwa, la mwaka tisini na saba. Alikuwa amevaa kanga juu ya gauni, kajitanda vizuri, na alishuka kama mtu aliyezoea kufika mahali akakuta watu wanamsubiri. Alikuwa Nesi Maryamu wa Mazingara, kule Handeni. Alistaafu unesi miaka minne iliyopita, mumewe akafariki akamwachia gari, naye akaona haiwezekani gari likae bandani huku akina mama wanapakiwa kwenye pikipiki na uchungu. Basi akawa anawapeleka yeye. Kutoka Mazingara hadi Mkata ni njia ya vumbi, na ya tope wakati kama ule. Kutoka Mkata hadi hospitali ya Handeni mjini ni lami. Aliyeweza alichangia mafuta. Asiyeweza alipelekwa hivyo hivyo.

"Shikamoo mama," Justa alisema akifuta mikono.

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa kuna fundi mwanamke hapa ana sikio. Ni wewe?"

"Labda ni mimi. Gari lina nini?"

"Linatoka nyumbani zima. Tukifika Mkata, au tukishapita kidogo, linaanza kutetemeka. Nikisimama linataka kuzima, na mara nyingine linazima. Nikikanyaga mafuta linakohoa, halina nguvu. Mafundi watatu wameligusa. Wamebadilisha plagi, wamebadilisha koili, mwingine pampu ya mafuta. Ukilisikiliza sasa hivi utaniona mwongo."

Kweli. Lilikuwa linanguruma pale mbele ya duka langu kwa utulivu, ungeweza kuweka kikombe cha chai juu ya boneti kisimwagike.

Justa alianza kazi. Akiwa amevaa glavu nene, alichomoa waya wa plagi ya kwanza injini ikiwa inawaka. Injini ikayumba, akaurudisha. Akachomoa wa pili, ikayumba. Wa tatu, wa nne, vivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, akanieleza bila kugeuka: "Silinda iliyokufa ukiikatia moto injini haishtuki, maana ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo. Hizi zote zinashtuka. Kwa hiyo ziko hai zote nne. Hakuna silinda inayoumwa peke yake."

Kisha akatoa plagi zenyewe akazipanga juu ya gazeti. Zote nne zilikuwa nyeupe kama chaki kwenye ncha. Plagi nzuri huwa na rangi ya kahawia hafifu. Ikiwa nyeusi, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe, mafuta hayatoshi, au kuna hewa inaingia mahali isipotakiwa. Aliona chujio la petroli limejaa uchafu, akalibadilisha, akasafisha njia ya hewa, akanyunyiza maji kwenye maungio ya mipira yote ili asikie kama kuna mahali injini inabadili sauti. Haikubadili. Akaliendesha mpaka Segera na kurudi, peke yake. Halikukohoa hata mara moja.

"Mama, nadhani limepona," alimwambia Nesi Maryamu. "Chujio lilikuwa limeziba."

Nesi alishukuru, akaondoka.

Siku ya nane simu ya Justa iliita tukiwa tunakula mchana. Alisikiliza, kisha akaweka sahani chini. Gari lilikuwa limezima kati ya Mkata na Handeni, likawa kila likiwashwa na kutiwa gia linazima tena, na ndani mlikuwa na Tatu, mwanamke wa miaka ishirini na mbili, mimba yake ya kwanza. Mtoto hakusubiri. Nesi Maryamu alimzalisha kwenye kiti cha nyuma, pembeni mwa barabara, kanga zikiwa zimefungwa madirishani. Mtoto wa kike alilia vizuri. Mama yake ndiye aliyevuja damu nyingi, na ni lori la mahindi lililomfikisha hospitali. Waliongezewa muda na Mungu, wote wawili wakapona.

Baada ya siku mbili Nesi alilileta tena gari. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, halijapona," akaketi kwenye benchi.

Nadhani angemtukana ingekuwa nafuu. Justa alisimama na spana mkononi, hajui aweke wapi macho. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akiwaza neno moja tu, lile "nadhani" lake. Alijua siku ile kwamba hakuusikia ugonjwa. Aliona kitu kichafu, akakisafisha, akatamani kiwe ndicho.

Hussein alitoa ushauri wake. "Gari hili limezeeka. Nesi auze chuma chakavu, au tubadilishe injini nzima. Mikaeli anayo moja stoo."

Ilikuwa kweli ninayo, na nilikuwa tayari nimesimama. Justa akatikisa kichwa.

"Nikibadilisha injini na ugonjwa hauko kwenye injini, mama ataanza safari, atafika Mkata, litatetemeka. Nitamwambia nini mara ya tatu?"

"Sasa utafanya nini? Hapa linawaka kama jipya."

"Hapa haliugui. Nitalifuata linakougulia." Akamgeukia Nesi Maryamu. "Mama, kama una mahali pa kunilaza, naomba niende na wewe Mazingara. Nikae mpaka nilione."

Nesi alimtazama. "Kitanda kipo. Lakini kwangu asubuhi ni shamba kwanza."

"Nitalima."

Hussein hakupenda, maana kulikuwa na magari mawili uani yanamsubiri. Lakini aliona uso wa Justa, akamruhusu. Justa aliwaacha watoto kwa dada yake, akafunga vifaa kwenye mfuko wa salfeti, wakaondoka mchana ule ule.

Siku tatu alizokaa Mazingara hazikumletea kitu. Asubuhi alipalilia mahindi na Nesi na majirani, ambao waliongea Kizigua wakisahau kwamba haelewi vizuri, kisha wakakumbuka na kucheka. Mchana alichukua gari akaliendesha mpaka Mkata na kurudi. Lilibaki zima. Siku ya pili, zima. Siku ya tatu alikwenda mbele zaidi, karibu pale mtoto alipozaliwa, akazima injini, akashuka, akalizunguka gari mara mbili. Hakuna. Jioni yake alikaa na Nesi jikoni wakimenya mihogo.

"Nakupotezea muda, mama," alisema. "Labda Hussein alikuwa sahihi."

"Nilifanya kazi zahanati miaka thelathini na mmoja," Nesi alisema. "Watu wanakuja na homa inayopanda jioni tu. Asubuhi ukimpima, hana kitu. Ukimfukuza kwa sababu hana kitu, umekosea. Unamwambia alale hapo."

Siku ya nne, saa tatu asubuhi, alikuja kijana anaitwa Mdoe, amekimbia, jasho limeloanisha shati. Mkewe ameanza. Nesi alinawa udongo mikononi, akachukua mkoba wake uliokuwa umening'inia tayari mlangoni. Justa akakaa kiti cha mbele. Nyuma wakaingia mke wa Mdoe, dada yake aliyemshika mgongo, na Mdoe mwenyewe. Mizigo ikajaa kwenye buti: beseni, ndoo, godoro dogo, mkungu wa ndizi ambao hakuna aliyeuliza unakwenda kufanya nini hospitali.

Njia ilikuwa na tope. Gari lilipanda vilima likiwa limelemewa, mshale wa joto ukapanda kidogo na kukaa. Walipofika Mkata, Nesi alisimama pembeni mwa barabara kumchukua mama mzazi wa mgonjwa aliyekuwa akisubiri pale mabasi yanaposhusha watu. Hakutoa gia. Alishika breki tu, kama watu wengi wafanyavyo wakiwa na haraka, maana gari lile halina klachi. Ukilitia kwenye gia, linataka kwenda, na breki ndiyo inayolizuia.

Hapo likaanza. Kioo cha pembeni kikatetemeka, dashibodi ikagonga, injini ikashuka kama inakata roho.

Mkono wa Justa ulishika wa Nesi. "Mama, toa gia. Weka kwenye P."

Nesi akaweka. Gari likatulia kabisa.

"Rudisha, breki ukiwa umeshika."

Likatetemeka.

Justa aliniambia nywele zilimsimama. Kila fundi aliyeligusa gari lile, na yeye akiwamo, alilisikiliza likiwa kwenye P, limepumzika, halisukumi kitu. Na kila mara alipoliendesha mwenyewe lilikuwa tupu, na akisimama alikuwa anatoa gia mara moja, tabia aliyofundishwa na baba yake ili kuokoa mafuta. Hakuwahi kuliona likiwa limebanwa kati ya mzigo, joto na breki.

"Mama, naomba dakika chache nifungue boneti."

Nesi aligeuka nyuma, akamshika mgonjwa tumbo, akasubiri uchungu upite, akaangalia saa yake. "Dakika kumi unazo. Zaidi ya hapo hapana."

Justa akashuka. Alimwomba Mdoe aweke mawe mbele ya magurudumu mawili ya mbele, kisha yeye akasimama pembeni ya gari, si mbele yake, akafungua boneti. "Tia gia, shika breki kwa nguvu."

Akaiona. Gari lilipotiwa gia, injini nzima iliinama, upande mmoja ukanyanyuka karibu upana wa vidole viwili. Kile kitako cha mpira kinachoishikilia injini isicheze, maunting, kilikuwa kimekatika kwa ndani, na hakuna ambaye angekiona injini ikiwa imetulia juu yake. Injini ilipoinama iliuvuta mpira mnene wenye mikunjo unaopitisha hewa kutoka kwenye chujio. Chini ya mikunjo, mahali ambapo jicho halifiki, mpira ulikuwa na mpasuko. Ukiwa baridi ulikuwa mgumu, umejifunga. Ukipata joto ulilainika, na injini ikiuvuta, ulifunguka kama mdomo. Justa alipeleka kidole pale, akasikia hewa inakinyonya. Alipouziba kwa kiganja, kutetemeka kukaisha. Akaondoa kiganja, kukarudi.

"Nimekuona," alisema. Mdoe alidhani anaambiwa yeye.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi baiskeli. Justa alimtuma Mdoe akaombe mpira wa ndani wa gurudumu, ule uliokwisha kutupwa. Mdoe alirudi nao kabla sentensi haijaisha. Injini ikazimwa. Justa akaukata mpira ule kwa urefu, akafuta vumbi kwa ncha ya kanga yake, akauzungusha juu ya mpasuko akivuta kwa nguvu zote, raundi baada ya raundi, akafunga kwa waya huku joto likimbabua kifundo cha mkono. Injini akaifunga kwa kamba ya katani kwenye fremu ili isinyanyuke sana. Katani ya mkonge, ndiyo iliyokuwa kwenye mfuko wake wa salfeti.

"Dakika tisa," Nesi alisema alipoingia. Akatia gia. Gari likasimama kwenye breki bila kutikisika, kisha likaondoka.

Njia nzima mpaka Handeni Justa alikuwa ameweka kiganja juu ya dashibodi akisubiri mtetemo ambao haukuja. Walifika hospitali kabla ya adhuhuri. Saa nane mtoto wa kiume alizaliwa, kitandani, mikononi mwa watu wenye vifaa. Mdoe alitoka nje akimtafuta fundi amshukuru, akamkuta Justa amelala kwenye kiti cha mbele, mdomo wazi, mikono myeusi mapajani.

Aliporudi Manundu alikuja kwanza dukani kwangu. Alitaka maunting moja na mpira wa hewa wa gari la aina ile. Mpira niliutoa kwenye msumari nilipokuwa nimeutundika miaka mitatu, nikaupangusa vumbi. Ni kitu ambacho mtu haombi. Nilimuuliza kama injini niliyonayo stoo haihitajiki kabisa, akacheka, mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu ile simu.

Kisha akaingia uani kwa Hussein, mafundi wote wakiwepo, akawaeleza yote. Hakujificha. "Mara ya kwanza nililipima likiwa limelala, nikamwambia mama limepona. Sikuwa na hakika nikasema hivyo hivyo. Mwanamke karibu afe." Hussein alikuna kidevu, akamuuliza jinsi alivyomweka mtu kwenye breki na mawe yalikaa upande gani. Toka hapo, gari lenye gia za aina ile likija na malalamiko ya kutetemeka, wanalitia gia kwanza ndipo wanafungua vifaa. Niliwahesabu wateja wangu wa koili mwaka ule. Nisiseme zaidi.

Watu wa Mazingara hawakumsahau. Walianza kumpigia simu: pikipiki ya mgambo, pikapu ya mwalimu, mashine ya kukoboa. Kila alipokwenda alikuta vitatu vinne vinamsubiri. Nesi Maryamu ndiye aliyemwambia waziwazi. "Kati ya hapa na Korogwe unatumia siku nzima barabarani. Hamia Mkata. Mabasi yote yanapita, na sisi tupo."

Justa aliogopa, na alikiri kuogopa. Alikuwa na chumba cha kupanga hapa mjini, watoto shuleni, Hussein aliyemzoea. Alilala na wazo hilo miezi mitano. Mwanzo wa mwaka huu akahama. Hussein alimpa jeki ya zamani. Mimi nilimpa taulo mpya na kopo la grisi, zawadi ya kijinga, lakini aliipokea kwa mikono miwili.

Mwezi uliopita nilikuwa nakwenda Dar, basi likasimama Mkata watu wanunue mahindi ya kuchoma, nikashuka kumwona. Gereji yake ni nguzo sita na bati, na kibao alichoandika mwenyewe kwa rangi ya bluu, herufi za mwisho zimebanana kwa kukosa nafasi. Mdoe na jamaa zake walikuwa wamemchimbia shimo la kukagulia magari kwa chini, bila kumwambia, wakati amekwenda kwao kwa msiba. Mvua ya usiku uliopita ilikuwa imelijaza maji mpaka juu. Justa alikuwa amesimama ukingoni na gauni la kazi limepandishwa, ndoo mkononi, na nyuma yake wateja watatu wamekaa juu ya tairi kuukuu wanasubiri.

"Hawakufikiria njia ya maji kutokea," aliniambia. "Lakini limechimbwa vizuri, Mikaeli. Tazama kona zake."

Nilitazama, na kona zilikuwa zimenyooka kweli. Dereva wa basi akapiga honi. Nilivua viatu hata hivyo, nikachukua ndoo ya pili.